Mwendokasi ikifika Tegeta, daladala ziende wapi?

Mpima Barabara:
Mpango wa mabasi yaendayo haraka, yaani mwendokasi, Dar es Salaam una awamu sita. Ya kwanza, kilomita 21 hivi kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Ya pili ni ya Mbagala, ya tatu ya Gongo la Mboto, ya nne inafuata Barabara ya Bagamoyo hadi Tegeta pamoja na Sam Nujoma. Njia ikifunguliwa, daladala zilizokuwa zikipita hapohapo huondolewa. Wapo wanaotaka ziondolewe siku ileile ya kukata utepe, na wapo wanaosema ziachwe zishindane, mwenye huduma mbovu akose abiria.

Nasimama na wa kwanza, na sababu yangu ni nafasi ya barabara tu. Tuchukulie asubuhi watu 4,500 kwa saa wanaelekea mjini. Coaster iliyojaza waliokaa na waliosimama inabeba 40, kwa hiyo unahitaji 113, yaani moja kila sekunde 32. Kituo chenye nafasi ya Coaster mbili, kila moja ikikaa dakika moja, kwa karatasi kinapitisha 120 kwa saa. Barabarani hakipitishi hata nusu, maana mpiga debe hajamaliza kuita, ya tatu imeshasimama ubavuni, na nyuma yake njia nzima imelala. Watu haohao kwa basi la mita 18 la abiria 150 ni safari 30, basi kila dakika mbili. Sensa ya 2022 ilitukuta 5,383,728 mkoani, milioni moja hivi zaidi ya 2012. Barabara hazikuongezeka kwa kasi hiyo.

Hesabu ya Jioni:
Mkuu, hizo safari 30 zina mabasi mangapi nyuma yake? Kimara hadi Kivukoni ni kilomita 16 hivi. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 23 kwa saa, basi linatumia dakika 42 kwenda na 42 kurudi. Ongeza nane za kugeuza na dereva kujinyoosha, unapata 92. Gawanya kwa zile dakika mbili kati ya basi na basi: mabasi 46 barabarani, na asilimia kumi ya akiba, 51.

Sasa yaliyo mazima yawe 30. Basi linakuja kila dakika tatu, uwezo unashuka kutoka 4,500 hadi 3,000 kwa saa, na kila saa watu 1,500 wanabaki kituoni. Baada ya saa mbili una watu 3,000 wamebanana, ndipo unaona kijana anaingia dirishani na mama mjamzito anarudi nyumbani. Daladala ungekuwa umeshaifukuza, hana pa kukimbilia.

Mimi nasema daladala zikae sambamba mpaka mwendokasi ithibitishe kwa miezi sita mfululizo kwamba inatoa safari ilizoahidi. Usiondoe ngazi kabla hujajenga nyingine.

Spana:
Tuulize basi kwa nini mabasi yanakuwa 30 badala ya 51.

Basi la njia kuu linatembea kilomita 200 na zaidi kwa siku. Ukiweka huduma kila kilomita 10,000, linaingia gereji baada ya siku 45 hivi. Ukiwa na mabasi 210, hayo ni manne au matano yanayopaswa kuingia kila siku ya Mungu, yakiwa bado mazima. Shinikizo la abiria likiwa kubwa, msimamizi anasema lisukume wiki moja zaidi. Wiki inakuwa mwezi. Breki zinakula ngoma, mikanda inakatika, kiungo cha katikati kinaanza kulia, halafu basi linakufa njiani saa moja asubuhi, kwenye njia ambayo hakuna basi jingine linaloweza kuchepuka isipokuwa kituoni.

Hapo huingia dhambi ya pili, kunyofoa. Spea haipo, imeagizwa nje na dola haijapatikana, kwa hiyo fundi anatoa kompresa ya basi namba moja anatia namba mbili. Mwezi ujao namba moja imeshatolewa taa, vioo, kompyuta ya injini. Hilo halirudi tena barabarani, ingawa kwenye vitabu bado linahesabiwa kama basi.

Kisha Jangwani. Karakana ya awamu ya kwanza iliwekwa kwenye bonde la Msimbazi, na kila masika kubwa watu wanashangaa maji yamefika. Maji ya Msimbazi yana mchanga na taka. Yakifika usawa wa ekseli yanaingia kwenye beringi, yakipanda kidogo yanaingia giaboksi kupitia kipumulio chake. Ukifungua oili unaikuta na rangi ya chai ya maziwa. Ukiwasha basi likiwa hivyo, giaboksi umeimaliza. Inatakiwa kumwagwa, kusafishwa, kubadilisha chujio, kujaza, kutembeza kidogo na kumwaga tena. Kwa yadi nzima hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Mradi wa bonde la Msimbazi unajenga daraja jipya na kuondoa watu na mali kwenye njia ya mafuriko, vizuri, lakini ulikuja baada ya hasara.

Kwa hiyo kwa Tegeta sitauliza kwanza kuhusu daladala. Nitauliza karakana iko wapi, iko juu ya kiwango cha maji kwa kiasi gani, na ina mashimo mangapi ya kukagulia mabasi.

Karani wa Mikataba:
Spana anaeleza ugonjwa, chanzo kiko kwenye karatasi. Mtoa huduma wa awamu ya kwanza aliingia mwaka 2015 kwa mkataba wa mpito. Mpito ule ukageuka makazi. Mwenye mkataba mfupi usio na uhakika haagizi spea za miaka mitano, na benki haimkopeshi.

Pili ni namna ya kulipa. Ukimlipa mwendeshaji kutokana na vichwa anavyopakia, atafanya kama konda yeyote: atashikilia basi Kimara lijae, saa nne asubuhi atalilaza, njia mlishi, ile ya mitaani inayoleta abiria njia kuu, ikiwa na watu wachache ataikwepa. Ukimlipa kwa kilomita, nauli zinaingia kwenye akaunti ya pamoja, yeye analipwa kwa safari zilizo kwenye ratiba, basi lijae au lisijae. Bei ya kilomita inapandishwa au kushushwa kila miezi mitatu kwa kufuata dizeli (EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi), mishahara na thamani ya shilingi.

Hesabu ya Jioni:
Na kilomita hewa? Mtu atazungusha mabasi matupu usiku wa manane, asubuhi analeta ankara.

Karani wa Mikataba:
Ndiyo maana nimesema safari zilizo kwenye ratiba. Kifaa cha kufuatilia basi kinaonyesha limeondoka saa ngapi. Likichelewa kupita dakika tatu, kilomita hizo zinalipwa nusu. Likiharibika njiani, safari nzima hailipwi. Kilomita za kutoka karakana hadi kituo cha kuanzia hazilipwi kabisa, ziingizwe kwenye bei. Kitakachouma ni kitu kingine, ndugu yangu: mwezi ambao nauli hazitoshi, nani anajazia? Kama hakuna mfuko uliotengwa kwenye bajeti, mwendeshaji atadai miezi minne, kisha ataanza kunyofoa kama Spana alivyosema. Hakuna mji mkubwa ninaoujua ambako nauli za watu wa kipato cha chini zimelipa mabasi, karakana na mishahara kwa pamoja bila mkono wa serikali.

Deiwaka:
Mnapanga mabasi na kilomita, watu wa daladala mnawahesabu kama vyuma.

Mwenye gari anataka hesabu jioni, kiasi alichopanga kwa siku. Mafuta ni ya dereva, na faini ya trafiki mara nyingi ni yake. Kinachobaki anagawana na konda, na akichoka anampisha deiwaka, dereva wa kibarua, amalizie tripu mbili. Hakuna barua ya ajira wala mfuko wa jamii. Ndiyo maana anakatisha ruti na kukimbizana: kila dakika ya foleni inatoka mfukoni mwake. Leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ina jina la mwenye gari, kwa hiyo siku ya fidia anayeitwa ni yeye tu. Dereva aliyeendesha ruti ileile miaka kumi haonekani kwenye karatasi yoyote.

UDA-RT, yule mtoa huduma wa awamu ya kwanza, ilipoundwa, vyama viwili vya wenye daladala, UWADAR na DARCOBOA, vilitajwa kuwa ndani. Uliza mwenye Coaster mbili za Kimara alipata nini. Johannesburg walichukua muda kuzungumza. Zaidi ya teksi 500, ndizo daladala zao, ziliondolewa kwenye njia ya Rea Vaya, mwendokasi wa kwao, na wenye nazo wakawa wanahisa wa kampuni ya kuendesha mabasi. Ruzuku inawauma hadi leo, sikatai, ila walikaa mezani.

Kwa Tegeta kazi ianze miaka miwili kabla. Kwanza orodha: namba ya gari, ruti, mwenye gari, dereva, konda na deiwaka, ichukuliwe vituoni alfajiri na usiku, siku saba, maana ukiichukua mchana wa Jumatatu utawakosa nusu. Pili, njia mlishi. Goba, Madale, Wazo, Bunju: huko basi la mita 18 halipiti, Coaster inapita. Magari yaliyo mazima yapewe mkataba wa kilomita kama alivyoeleza Karani, nauli moja hadi mjini. Tatu, makonda. Coaster nne zina watu wanane bila deiwaka. Basi moja la mita 18 linalobeba abiria wao linahitaji madereva wawili kwa zamu, konda halina. Hao sita waliobaki mna nafasi ngapi za geti, usafi, karakana? Mseme namba.

Githurai 45:
Salamu kutoka Nairobi. Huku tulianzia upande wa pili. Mwaka 2018 walipaka mstari mwekundu Thika Road, wakasema hiyo ni leni ya mabasi. Vituo havikuwepo, mabasi hayakuwepo, na matatu, daladala za huku, zikaendelea kama kawaida. Rangi ikafifia.

Kitu kimoja mngeweza kukopa: huku matatu lazima iwe ndani ya sacco (chama cha ushirika) au kampuni. Sacco nyingi ni jina tu na bado makanga, yaani konda, anapigania abiria stage. Lakini siku serikali ikitaka kutia saini, kuna mtu wa kutia naye saini. Ninyi mtazungumza na mwenye gari mmoja mmoja?

Kiti Mwendo:
Mmefika mbali na bado hamjafika kituoni. Jukwaa la mwendokasi limeinuliwa lilingane na sakafu ya basi, na hiyo ndiyo faida kubwa kuliko Coaster, ambayo mtu wa kiti mwendo hubebwa kama gunia. Lakini faida hiyo inaishia kwenye pengo. Dereva anaogopa kukwaruza ubavu, anasimama sentimita 30 kutoka jukwaani. Magurudumu madogo ya mbele ya kiti yana kipenyo cha kiganja hivi. Yanatumbukia, kiti kinapinduka mbele. Asiyeona anatia fimbo pale, haigusi kitu.

Dawa si ghali. Pengo lisizidi sentimita 10. Ukingo wa chini, pale tairi linapogusa, ujengwe kwa mteremko laini ili tairi liteleze bila kuchanika. Mstari uchorwe sakafuni dereva aufuate kwa gurudumu la mbele. Na mlango mmoja uwe na ubao unaojikunja. Dereva afundishwe, kisha apimwe, kwa sababu basi likijaa hakuna anayejali pengo.

Halafu madaraja ya waenda kwa miguu, naomba msiyarudie Barabara ya Bagamoyo. Daraja linalopitisha malori chini yake linakupandisha karibu mita 6. Kwa mteremko wa moja kwa kumi na mbili, hiyo ni mita 72 za njia ya kupanda, na sehemu za kupumzikia inapita 80. Unapanda 80, unashuka 80, kuvuka barabara ya mita 25. Lifti? Umeme ukikatika umekwama juu. Kivuko cha chini chenye taa, kilichoinuliwa kama tuta, kinamfikisha mzee wa mwendo wa sentimita 80 kwa sekunde hadi jukwaa la katikati, mita 14, kwa sekunde 18. Ziwekwe 22. Taa nyingi zimepangwa kwa kijana anayekimbia.

Na wanafunzi. Kwa nauli zilizotangazwa mwishoni mwa 2023, daladala mtu mzima safari fupi ilikuwa 600, mwanafunzi 200. Konda anaona 400 imepotea, anamsukuma mtoto nje. Malipo ya kilomita yanaua sababu hiyo, kwa sababu konda hafaidiki tena na kichwa kipi kimeingia. Hilo Karani hakulisema.

Karani wa Mikataba:
Kweli, na nimelikosa.

Mpima Barabara:
Narudi nyuma hatua moja. Daladala za njia kuu ziondoke, ila kwa sehemu: kwanza zile za Tegeta–Posta, siku ambayo mabasi mazima yanayotoka karakana saa kumi na moja alfajiri yamefikia idadi ya ratiba kwa siku 60 mfululizo. Za Bunju na Goba zisiguswe, zibadilishiwe mkataba ziwe mlishi. Kuhusu vivuko nakubaliana na Kiti Mwendo isipokuwa Mwenge. Magari pale ni mengi mno, taa ya sekunde 22 kila dakika mbili itafunga makutano.

Kiti Mwendo:
Kama ni foleni, ifungwe upande wa magari madogo. Gari lenye mtu mmoja linaweza kusubiri sekunde 22.

Hesabu ya Jioni:
Siku 60 ni chache, zote zinaweza kuangukia kiangazi. Weka ndani yake masika moja, Machi hadi Mei, halafu tuhesabu mabasi.

Spana:
Na anayehesabu asiwe mwenye mabasi. Asimame getini na kalamu, alfajiri, aandike namba ya lililotoka kwa injini yake lenyewe. Lililovutwa halihesabiwi.