Hati inaonekana kwenye orodha lakini haifunguki: ukomo wa nyaraka huhesabiwaje?

Mwanamasjala, Tabora
Ndugu wanajukwaa, natunza nyaraka katika kampuni ya ununuzi wa tumbaku. Stakabadhi zetu zote za masoko huskaniwa na kuingizwa kwenye mfumo wa hifadhi, ambako niliweka ukomo, yaani muda wa kutunza hati kabla haijafutwa, wa miaka 10. Wiki iliyopita mkulima mmoja alinijia na stakabadhi ya 2018 iliyokunjwa mara nne, wino umefifia hata uzito wa marobota hausomeki. Nilipotafuta, jina lake, namba na tarehe vilitokea. Nilipofungua hati yenyewe, mfumo ukasema haipo. Mzee wa watu aliondoka mikono mitupu, na jambo hilo linanisumbua mno. Naomba ushauri.

Msimamizi wa Seva, Ujiji
Pole sana, ndugu. Katika mifumo mingi ya namna hiyo ukomo huwekwa mahali pawili. Faharasa, yaani ile orodha unayotafutia, ina muda wake, na diski au tepu inayobeba hati ina muda wake. Faharasa ikitangulia kufutwa, hati hubaki ikijaza diski bila mtu kuiona. Hati ikitangulia, hutokea hayo yaliyokukuta. Tena muda ukitimia hati haitoweki papo hapo, bali husubiri kazi ya usafishaji, ambayo aghalabu hupangwa usiku. Mifumo mingine hufuta fungu zima lililopakiwa pamoja, baada ya hati ya mwisho katika fungu hilo kutimiza muda wake. Isimamishe kazi hiyo leo, kabla hujagusa kitu kingine.

Mtunza Kumbukumbu
Naongezea kuhusu mikataba: isihesabiwe tangu siku ya kuskaniwa, bali tangu tukio linaloifunga, kwa mfano malipo ya mwisho. Hati yenye mgogoro iwekewe zuio, yaani amri ya kutoifuta, maana zuio hushinda ukomo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inadai kumbukumbu zitunzwe miaka 5, nacho ni kiwango cha chini tu. Hata hivyo msibakize kila kitu milele, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hairuhusu kukaa na taarifa za mtu kupita haja yake.

Mwanamasjala, Tabora
Nashukuru sana. Nimekagua: faharasa ina miaka 10, diski inayobeba hati ina 5, kama alivyoiacha fundi aliyefunga seva. Usafishaji nimeusimamisha. Tepu za nakala rudufu za 2022 zipo kabatini, na kesho asubuhi naanza kuitafuta humo stakabadhi ya yule mzee.