Naomba ushauri: rumu nyeupe niliyoletewa inanuka majani ya miwa. Imeharibika, au ni mimi nisiyejua kuinywa?

Mpwani_Mtulivu:
Ndugu wanajamvi, salaam. Nimekuwa nikinywa rumu kwa miaka kama kumi, lakini nakiri kwamba rumu niliyoizoea ni ile ya kahawia yenye ladha ya vanila, inayochanganywa na kola na barafu nyingi hadi mtu asahau anakunywa nini. Mwezi uliopita mfanyakazi mwenzangu alirudi kutoka kisiwa cha Réunion na kunizawadia chupa ya rumu nyeupe yenye asilimia 50 ya kileo, ambayo kibandiko chake kimeandikwa "rhum agricole". Nilipoifungua nilikutana na harufu ya majani mabichi, kama ile ya kusimama karibu na mashine ya kukamulia miwa pale Kongowea, na nilipoitia kola haikunyweka hata kidogo. Mke wangu anasema imeharibika.

Shemeji yangu, ambaye anavijua vinywaji kuliko mimi, atatutembelea mwisho wa mwezi, nami ningependa kumkaribisha kwa heshima. Je, chupa hii inafaa kuwekwa mezani? Ninataka pia kununua nyingine ya kunywewa taratibu baada ya chakula. Dukani nimeoneshwa moja nyeusi sana yenye namba 23 kubwa. Je, hiyo ndiyo miaka yake?

Nahodha_wa_Miwa:
Mkuu, pombe ya asilimia 50 iliyofungwa vizuri haiharibiki kwa namna hiyo. Harufu unayoilalamikia ndiyo hasa watu wanayoilipia. Rumu nyingi duniani hutengenezwa kwa molasi, yaani ile shira nyeusi nzito inayobaki kiwandani baada ya sukari kutolewa, lakini hiyo yako imetengenezwa kwa maji mabichi ya muwa, yanayochachushwa upesi baada ya kukamuliwa kwa sababu hayakai. Mtindo huo ulishika mizizi katika visiwa vya Wafaransa katika karne ya 19, wakati sukari ya viazisukari vya Ulaya ilipoangusha bei ya sukari ya miwa na wenye mashamba wakaona ni afadhali wageuze maji ya miwa kuwa kileo moja kwa moja. Martinique, kimojawapo cha visiwa hivyo, wamelichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba tangu 1996 rumu yao ya aina hiyo inalindwa kisheria kwa jina la mahali inapotoka, kama Wafaransa wanavyolinda mvinyo wao.

Kosa lako ni kola, kwa maana utamu wake na karameli yake hupigana na ule ubichi. Wenyeji wa Martinique hutia kijiko kidogo cha shira ya miwa kwenye bilauri ndogo, wakakamulia kipande cha ndimu, kisha wakamimina rumu na kukoroga. Wengi hawatii barafu kabisa. Jaribu hivyo kabla ya shemeji kufika, usije ukajifunzia mbele ya mgeni.

DadaWaKisauni:
Nakubaliana na Nahodha. Kuhusu hiyo ya pili, kaka, tafadhali usinunue kwa rangi. Rumu hutoka mtamboni ikiwa haina rangi hata chembe. Pipa la mwaloni huipa rangi, lakini karameli huweza kuipa rangi hiyo hiyo kwa dakika chache, na kuna rumu zilizokaa pipani ambazo huchujwa kwa mkaa hadi zikawa nyeupe tena. Namba nayo isikutie kiwewe. Zacapa 23 ya Guatemala, kwa mfano, ni mchanganyiko wa rumu za umri wa miaka 6 hadi 23, ilhali Jamaika na Barbados umri ukiandikwa huwa ni wa ile iliyo changa kuliko zote ndani ya chupa. Kwa hiyo 8 ya Barbados inaweza kuwa ahadi nzito kuliko 23 ya Guatemala.

Uliza pia habari za sukari. Kuna watengenezaji wanaoongeza sukari baada ya kukeneka, hata Umoja wa Ulaya ukaweka kikomo cha gramu 20 kwa lita. Si dhambi, ila mnywaji mzoefu huutambua ule utamu unaogandia mdomoni.

Mzee_Kaunta:
Nimesimama nyuma ya kaunta za hoteli muda mrefu, kwa hiyo niruhusuni nitaje nchi. Rumu ya Kikuba ni nyepesi, kwa kuwa hukenekwa zaidi kwa mitambo mirefu ya mnara. Ni nzuri kwa ndimu na sukari, lakini baada ya chakula itapwaya. Ya Jamaika, hasa ile ya mitambo ya chungu (ndugu wa mbali wa mtambo wa chang'aa, isipokuwa huu ni wa shaba na mwenyewe ana leseni), huachwa ichachuke kwa siku nyingi hadi inuke ndizi zilizoiva kupita kiasi, nanasi, na kwa pua yangu mimi, fenesi lililosahauliwa jikoni. Mimi naipenda mno, lakini nimewaona wageni wakiirudisha. Barbados huchanganya rumu za chungu na za mnara, na matokeo yake ni ya kiungwana. Chukua ya Barbados ya miaka minane au zaidi, umimine toti moja bila barafu, uiache dakika kumi, kisha udondoshee maji kidogo sana.

Kijana_Likoni:
Na ile nyeupe pamoja na madafu je?

Mzee_Kaunta:
Inakubali sana, mwanangu, maadamu dafu liwe limeangushwa leo.

Mpwani_Mtulivu:
Narudi kutoa mrejesho. Nilinunua ya Barbados, nikaipanga mezani na bilauri zake kama nilivyoelekezwa. Shemeji aliinusa, akaisifu, akaonja toti moja, kisha akaiona ile nyeupe kabatini na kuuliza kwa nini nimeificha. Hakuirudia tena ya Barbados. Ndimu zote za nyumbani zimekwisha, chupa ya Réunion imebaki robo, na mke wangu, aliyesema imeharibika, ananiuliza yule mwenzangu atasafiri tena lini.