Naomba ushauri: presha ya mama na chumvi ya jikoni kwetu

Ndugu wanachama, mama yangu mwenye miaka 58 anaishi nasi hapa Bukavu, na wiki iliyopita alipimwa presha mara mbili ikawa juu, 170 kwa 100, ingawa ni mwembamba, havuti sigara na kila siku hupanda mlima wa mtaa wa Kadutu kwa miguu akiwa na mzigo. Kaka yangu aliye Ubelgiji anasisitiza tumpime kolesteroli (mafuta kwenye damu) kwanza. Mimi nasita, kwa sababu utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, uliofanyika katika nchi 52, ulionyesha kwamba visababishi vikuu tisa vya mshtuko wa moyo ni vilevile kila mahali, ila uzito wake hutofautiana, na kwa Waafrika weusi presha ilionekana kuwa na uzito mkubwa zaidi.

Nyumbani makayabo (samaki wa chumvi) hulowekwa kidogo tu, na mama huongeza chumvi kwenye sombe (mboga ya majani ya muhogo) kabla hata ya kuionja, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidishe gramu 5 kwa siku.

Je, fedha zetu chache zianzie kwenye matibabu ya presha au vipimo vya kolesteroli? Na aliyefaulu kumpunguzia mzazi chumvi bila kumuudhi, alifanyaje?