Springi za valvu kwa 1JZ ya tabo: mpya za kiwandani, moja ngumu au pacha?

Kizota2500: Wakuu, habari za jioni. Mark II yangu ina 1JZ-GTE (injini ya Toyota ya silinda sita yenye tabo), kamshafti (fito zinazofungua valvu) za kiwandani, busta (presha ya hewa ya tabo) bar 1.1. Nikitoka Dodoma kwenda Morogoro nikaivuta, ikigonga mizunguko 6,800 kwa dakika inakohoa na nguvu inakata. Plagi nimebana mwanya hadi milimita 0.7, koili za plagi nimebadilisha, hali ni ileile. Fundi anasema springi za valvu zimechoka. Nichukue zipi?

FundiMkonze: Naungana na fundi wako. Busta inaisukuma valvu ya hewa kwa mgongoni. Valvu ya upana wa milimita 33 kwa bar 1 inabeba karibu kilo 9, na zote zinaifanyia kazi springi kinyume. Kwenye mizunguko 7,000 valvu inafunguka mara 3,500 kwa dakika; springi iliyolegea haiwahi kuirudisha. Funga moja ngumu kidogo.

NalaTabo: Mimi nipo na pacha, yaani springi mbili kwa kila valvu, moja ndani ya nyingine. Ikikatika moja, nyingine inaishikilia valvu isidondokee pistoni. Zinavyosuguana zinatuliza mtetemo. Ongeza kofia za springi za titani, uzito unapungua juu ya shina la valvu.

DadaAreaC: Kaka Kizota, taratibu na pacha. Nilifungiwa seti hiyo juu ya kamshafti za kiwandani, injini kama yako. Mwezi wa tano nikafungua kava: pua za kamshafti (sehemu zinazosukuma valvu) zimelika, ukipitisha ukucha unakwama, na mafuta yanameta unga wa chuma. Aliyefunga hakupima urefu wa springi ikiwa imekaa kwenye hedi. Ikikaa fupi kuliko inavyotakiwa, inabana kupita kiasi, na valvu ikifunguka yote pete za springi zinaweza kugotana.

NalaTabo: Pole sana dada. Hapo kweli, bila kupima ni hatari. Mimi nina kamshafti za kunyanyua valvu juu zaidi, ndiyo maana nilihitaji pacha.

FundiMkonze: Na ukifika kwenye kamshafti kama hizo, angalia shimu (visahani vya kurekebisha mwanya wa valvu). Kwenye 1JZ zinakaa juu ya tapeti (vikombe vinavyosukumwa na kamshafti). Kamshafti kali ikizungushwa sana inaweza kuirusha shimu. Wengi huhamia tapeti za shimu ya chini.

Kizota2500: Kamshafti sibadilishi, basi moja ngumu. Nafungua hedi Jumamosi na nitabadilisha sili za valvu (za kuzuia mafuta) humohumo. Mwenye kifaa cha kupima nguvu ya springi hapa mjini anitumie ujumbe, nataka kupima zote 24 kabla hazijarudi.