Mjadala: Alaska iweke kaliba ya chini kwa dubu wa kahawia, kama Tanzania ilivyoweka kwa nyati?

Mlenga Bega (mwanzisha mada)

Wakuu, naleta hili mezani. Tanzania hupewi ruhusa ya kumpiga nyati wala tembo kwa bunduki ambayo kaliba yake, yaani kipenyo cha mtutu kwa inchi, iko chini ya .375. Alaska, kwa dubu wa kahawia ambaye dume lake kubwa linapita kilo 500, sheria haitaji kaliba yoyote. Inakataza tu zile risasi za jamii ya .22 zinazogongwa ukingoni mwa ganda. Baison (nyati wa Amerika) wamemwekea kiwango: kichwa cha risasi cha greni 200 (gramu 13) chenye nguvu ya jouli 2,700 hivi kikifika mita 90. Dubu, ambaye akijeruhiwa anakugeukia, hana kiwango.

Mimi nasema iandikwe .338 Winchester Magnum kwenda juu. Kichwa cha greni 250 (gramu 16) kinatoka na mwendo wa mita 800 kwa sekunde na nguvu ya jouli 5,200 na ushee. .30-06 yenye greni 220 inatoa 3,800 hivi. Tofauti hiyo si ndogo kwa mnyama mwenye mfupa wa bega kama ule. Isitoshe, dubu wa Oktoba amejaa mafuta. Tundu likiwa moja na dogo, mafuta yanaliziba na manyoya marefu yananyonya damu, kwa hiyo unakosa njia ya kumfuatia wakati yeye ameshazama kwenye vichaka vya alda usikoona hatua tano mbele.

Thelathini Sifuri Sita

Mkuu, nakuelewa, ila jouli hazipenyi mfupa. Kinachopenya ni kichwa kizito, chembamba na kisichovunjika. Mwaka 1983 Idara ya Misitu ya Marekani ilichapisha majaribio yaliyofanywa kwa ajili ya wafanyakazi wake wa Alaska. Walipiga kaliba nyingi kwa umbali wa yadi 15, wakapima mwendo, kina cha kupenya na uzito uliobaki kwenye kichwa. .458 na .375 zilikuwa juu, hakuna ubishi. Lakini .30-06 yenye greni 220 ilisimama vizuri sana, ikapendekezwa kwa asiyemudu teke la magnum, yaani msukumo wa nyuma begani wa risasi zenye baruti nyingi. Sababu yake ni hesabu tu: greni 220 kwenye kipenyo cha .308 ni mzigo mzito nyuma ya ncha nyembamba, kuliko hata greni 300 kwenye .375.

Jambo la pili ni teke. La .338 ni zaidi ya mara moja na nusu ya la .30-06 kwa bunduki za uzito mmoja. Mtu anayenunua .338 mwezi mmoja kabla ya safari anapiga risasi kumi, bega linauma, anaiweka ndani. Siku ya dubu anafumba jicho kabla ya kuvuta kifyatulio na risasi inaingia tumboni. Idara ya wanyamapori ya Alaska yenyewe inawaambia wawindaji kwamba waongozaji wengi wazoefu wanamtaka mteja mwenye .270 au .30-06 anayoimudu kuliko mwenye magnum mpya anayoiogopa. Sasa wewe unataka sheria imlazimishe huyo mteja kubeba anachokiogopa?

Sweden wanawinda dubu wa kahawia kila mwaka, na masharti yao ni kichwa cha gramu 9 chenye jouli 2,700 kwa mita 100, au cha gramu 10 chenye jouli 2,000. Maana yake hata risasi ndogo ya 6.5x55 inaruhusiwa.

Bwana Kitalu

Naingilia kwa upande wa Tanzania, maana naona sheria yetu inatajwa bila sababu zake.

Kwanza, .375 H&H ilitoka London mwaka 1912 kwa Holland & Holland, na imekaa Afrika Mashariki muda wote huo kwa sababu bunduki moja inakula kichwa laini cha greni 270 kwa pofu na kichwa kigumu cha greni 300 kwa nyati. Kiwango chetu hakikuwekwa kwa sababu .30 haiui. Bell wa Karamoja, mwindaji wa zamani wa pembe, aliua tembo wengi kwa risasi ndogo ya 7x57, na kila anayetetea kaliba ndogo humtaja. Wanachosahau ni kwamba alitumia vichwa vigumu visivyotanuka, alijua ubongo ulipo kwa kila upande, na alipiga tembo waliotulia. Mgeni wa siku kumi hana hayo. Kiwango kipo kwa ajili ya mgeni.

Pili, na hapa Mlenga Bega nisikilize vizuri: kuna bunduki mbili kwenye uwindaji wa namna hii na kazi zake ni tofauti. Ya mteja inapiga mnyama asiyejua kitu, kwa mita 50 hadi 150, akiwa na muda wa kuegemea. Ya mwindaji bingwa inapiga mnyama aliyejeruhiwa, anayekuja, kwa mita 10. Alaska asiye mkazi haruhusiwi kumwinda dubu wa kahawia bila mwongozaji mwenye leseni au, kwa raia wa Marekani, ndugu wa karibu aliye mkazi. Basi ile .375 au .416 ibebwe na mwongozaji. Ukimbebesha mteja bunduki ya mwongozaji umeongeza wanyama wa kufuatwa vichakani, na anayewafuata si mteja.

Levaekisheni

Mbona hakuna aliyetaja .45-70? Bunduki ya leva ya Marlin 1895 ni fupi, inageuka haraka kichakani, kichwa cha greni 405 ni kama nyundo. Waongozaji wengi wanaitumia.

Fundi Komeo

Levaekisheni, .45-70 ina mtego, na unanasa watu dukani. Risasi hiyo ni ya mwaka 1873, ya enzi ya baruti nyeusi. Bado zipo bunduki za zamani za Springfield zinazoitumia, kwa hiyo viwanda vikubwa hupakia risasi zao kwa shinikizo dogo zisije zikapasua vyuma hivyo vya kale. Ukichukua boksi la kawaida la greni 405 lenye kichwa laini, umenunua risasi ya kulungu. Kwa dubu unatafuta zile zilizopakiwa kwa shinikizo kubwa, zenye kichwa cha madini ya risasi yaliyochanganywa yakawa magumu, chenye bapa mbele, na zimeandikwa kabisa zisitumike kwenye bunduki za kale. Kwa mkono wa mwongozaji, sawa. Kwa mteja wa mita 150, inashuka mno.

Na sheria yoyote ya kaliba itakwama hapo hapo. Maandishi ya mtutuni ni yale yale kwa risasi dhaifu na risasi kali. .338 yenye kichwa cha greni 200 kilichotengenezwa kupasuka haraka ni mbaya zaidi kwa bega la dubu kuliko .30-06 yenye Nosler Partition ya greni 200, ambayo ina ukuta wa shaba katikati, hivyo nusu ya mbele ikichanua nusu ya nyuma inaendelea kuingia.

Mengine ambayo sheria haitayagusa, na ndiyo yanayoharibu kazi kule kisiwani Kodiak na kwenye Rasi ya Alaska:

Kitako cha mti kinakunywa mvua, kinavimba, kinausukuma mtutu, na risasi zinahama. Tumia kitako cha sintetiki na chuma kisichoshika kutu. Mafuta mazito ndani ya komeo (chuma cha kuvuta kinachofunga chemba na kubeba pini) yanaganda kwa baridi, pini inagonga polepole, kiwambo cha kuwasha baruti hakiwaki. Osha komeo kwa petroli, likauke, lipake unga wa grafaiti. Funika mdomo wa mtutu kwa tabaka moja la plasta. Hewa inayotangulia kichwa cha risasi inaitoa, shabaha haibadiliki. Usiingize bunduki baridi kwenye hema lenye moto, itatoka jasho ndani ya darubini na kwenye komeo. Ilale nje.

Komeo lenye kucha ya kudaka ganda ya mtindo wa Mauser 98, kama la Winchester Model 70 za kabla ya 1964 au Ruger Hawkeye, linaishika risasi mara tu inapotoka magazini. Ukishtuka ukarudisha komeo nusu njia, risasi inarudi nalo. Kwenye komeo la kusukuma tu, risasi inabaki chemba, unavuta ya pili nyuma yake na zinakwama zote mbili. Kosa lingine linalojirudia ni kutovuta komeo mpaka mwisho. Ganda la .375 lina milimita 72, la .308 ni 51. Mkono uliozoea .308 unasimama mapema na ganda tupu linarudi ndani.

Darubini iwe ya ukuzaji mdogo, 1.5 hadi 5 inatosha. Ukiweka ya 4 hadi 16, dubu wa mita 20 utaona manyoya tu.

Thelathini Sifuri Sita

Fundi umemaliza. Niongeze la kulenga, maana bunduki zote hizo hazina faida bila hilo. Dubu akisimama ubavu, manyoya ya tumboni na nundu ya begani vinamfanya aonekane mrefu kwenda juu kuliko alivyo. Panda na mstari wa nyuma ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini ya kifua chenyewe, si chini ya manyoya. Ngoja mguu wa upande wako utangulie mbele. Kichwani usipige: fuvu limelala kwa mteremko na ubongo ni mdogo. Akianguka, ongeza. Endelea kupiga mpaka atulie kabisa.

Mlenga Bega

Nimesoma yote. Hoja ya Bwana Kitalu ya bunduki mbili imenigusa, na .338 kwa lazima naiondoa. Lakini siachi kwamba pawe na kitu. Kodiak mtu anapewa dubu mmoja kwa kila miaka 4 ya msimu, na aliyemjeruhi akampoteza anahesabiwa ameshamchukua. Hiyo ni adhabu baada ya kosa. Nataka kinga kabla yake.

Finland wana jaribio la shabaha kwa wanaowinda wanyama wakubwa, dubu akiwemo. Risasi nne kwa mita 75, zote nne ziingie kwenye duara, na cheti kinadumu miaka 3. Alaska wachukue hilo, waweke na sharti la uzito wa kichwa kama la baison. Kaliba aachiwe mtu.

Bwana Kitalu

Hapo tunakaribiana. Swali langu ni nani atapima, na wapi. Mteja anatua Anchorage, siku ya pili yuko kwenye ndege ndogo. Ukisema apimwe kwao kabla ya kuja, bunduki imesafiri kwenye mizigo na darubini imegongwa. Cheti hakitajua.

Fundi Komeo

Muda upo, tena sheria yenyewe imeutoa. Alaska hairuhusu kumpiga mnyama mkubwa siku uliyoruka na ndege ndogo, mpaka saa 9 usiku wa kuamkia kesho yake. Mchana huo wa kufika kambini ndio wa kupima. Kaza kwanza skrubu za darubini na za kitako. Kisha risasi 3 kwa mita 100 ukiwa umeegemea begi, kundi lisizidi sahani ya chai. Halafu 2 kwa mita 25, umesimama, ukivuta komeo bila kuishusha bunduki begani. Risasi ni 5 tu, ila kuna za kurudia na za uwindaji wenyewe, kwa hiyo njoo na 40, si boksi moja la 20. Mwongozaji ndiye awe shahidi na asaini kwenye mkataba wa uwindaji.

Levaekisheni

Na mteja akikosa zile 2 za mita 25?

Bwana Kitalu

Anapewa .30-06 ya kambini, greni 220, anaanza upya. Bila ya kambini, hapandi mlima kesho yake mpaka azipate.