Mgawo wa mikoa ulinipeleka sekondari. Ilikuwa haki?

Mleta mada:
Wakuu, nawasalimu. Kwa mliozaliwa wakati wa sekondari za kata, nianze na historia kidogo. Nilimaliza darasa la saba miaka ya 1980. Enzi hizo kati ya watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, hata 10 hawakupata sekondari ya serikali. "Kufaulu" maana yake ilikuwa kuchaguliwa. Na uchaguzi haukwenda kwa alama peke yake: kila mkoa ulikuwa na mgawo wake wa nafasi. Mtoto wa Lindi alishindana na wenzake wa Lindi, wa Kilimanjaro akabanana na wa Kilimanjaro.

Sasa mimi ni Mchaga wa Marangu, Kilimanjaro, niliyefanyia mtihani Nachingwea, Lindi. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, akahamishiwa kusini nikiwa darasa la nne. Mtoto wa shangazi, tuliyekua naye kihamba kimoja (shamba la ukoo), alibaki nyumbani. Kichwani alikuwa mbele yangu, na ukoo mzima ulilijua hilo. Nikachaguliwa mimi, yeye akaachwa. Shangazi akauza ng'ombe wawili ili ampeleke shule ya kulipia. Msione ajabu Kilimanjaro kujaa shule za binafsi, za makanisa na za wazazi mapema vile. Mlango wa serikali ulikuwa mwembamba, watu wakachanga wakatoboa mwingine.

Hata hivyo siwezi kuulaani mgawo. Kilimanjaro haikutangulia kwa sababu watoto wake wana ubongo wa ziada. Wamisionari waliwahi kule, kahawa ikashika, KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kikaundwa 1933, na pesa ya kahawa ikalipa ada na kuezeka madarasa. Kusini walikuwa wametoka kwenye Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyowafuata. Baadaye Waingereza wakapeleka Nachingwea mradi wa karanga, ukafa hata watoto hawajaanza kuutania. Ukizipanga alama za pande hizo mbili kwenye karatasi moja na kusema "aliye juu apite", mlima nao unakuwa umefanya mtihani.

Kinachonisumbua ni kingine. Dawati moja nilikaa na kijana mwenyeji wa pale. Kwao hawakuwa na taa ya kusomea, akitoka shule anakwenda shamba la korosho. Kwetu kulikuwa na karabai, vitabu, na mama aliyekuwa mwalimu. Kijana yule hakuchaguliwa. Mgawo uliwekwa kwa ajili yake, nikaukalia mimi.

Msimamo wangu: upendeleo wa makusudi ni halali, na Katiba yetu ibara ya 13(5) inasema wazi kwamba hatua za serikali za kurekebisha matatizo katika jamii hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Ila umlenge mtoto na nyumba anayotoka. Mkoa hauendi shule. Leteni hoja.

Mwanakihamba:
Mkuu, umekiri vizuri, ila umempita binamu yako haraka mno. Yeye alikosa nini? Hakumtawala mtu, hakumdhulumu mtu wa Lindi. Alikuwa na miaka 13. Umri huo unaambiwa ulipe deni la kahawa iliyouzwa kabla baba yako hajazaliwa! Kama serikali iliona kusini kuna upungufu, ingejenga shule kusini. Kugawa uhaba ni njia ya mkato ya mtawala asiyetaka kujenga.

Mleta mada:
Kujenga ni sawa, na tulipojenga za kata zile kelele za darasa la saba zilipungua sana. Lakini shule haioti kwa usiku mmoja. Huyu aliyeko darasa la saba mwaka huu unamwambia asubiri?

Bi Hesabu:
Naona wanaume mnagawana mikoa. Nami niwakumbushe Azimio la Musoma, 1974: mtu asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita, kwanza akafanye kazi. Sheria moja kwa wote, haibagui. Matokeo? Wasichana wakapungua chuoni, maana binti aliyekwisha kuingia kazini anaposwa, anazaa, na chuo kinamngoja mwenzake wa kiume. Ilipofika 1976 wasichana wakaruhusiwa kuingia bila kupitia kazini kwanza. Kwa hiyo anayesema kanuni ikiwa moja basi haki imetendeka, aende akasome ile miaka miwili.

Mimi mwenyewe niliingia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya 1990 kupitia masomo ya awali ya wasichana wa sayansi waliopungukiwa alama. Tuliitwa majina. Kuna kaka mmoja alikuwa akinisalimia "shikamoo huruma". Tulikaa chumba kimoja cha mtihani miaka mitatu, na sikuona karatasi yangu ikisahihishwa kwa kalamu tofauti na yake. Upendeleo ulinifikisha mlangoni tu. Waganda nao wamewaongezea wasichana alama 1.5 za kuingia Makerere tangu 1990, na sijasikia kwamba anayepewa alama hizo hupewa na digrii.

Mwanakihamba:
Dada, heshima yako. Lakini leo binti wa waziri aliyesoma shule ya mamilioni naye aongezewe? Hapo ndipo mnaponipoteza.

Bi Hesabu:
Hapo tuko pamoja na mleta mada. Huyo hahitaji.

Mtu wa Voi:
Jirani zenu kutoka Kenya tunawasoma. Hii ya "mlenge mtoto, siyo mkoa" sisi tumeijaribu, tena mara mbili, na inachoma. Mwaka 2011 serikali iligawa nafasi za shule za kitaifa kati ya watoto wa shule za umma na wale wa akademi, yaani shule za binafsi, kwa sababu akademi zilikuwa zinachukua nafasi nyingi kupita idadi yao. Wazazi wakaenda kortini, Mahakama Kuu ikawakatalia. Mwaka uliofuata jirani yangu akamtoa mtoto akademi, akamsajili shule ya umma ili afanyie mtihani huko, na jioni mwalimu wa tuisheni anakuja nyumbani! Si ndiyo hadithi yako ya Nachingwea, tofauti ni kwamba huyu amejihamisha kwa kusudi?

Halafu 2023 tukasema basi tupime familia yenyewe: wanafunzi wa chuo kikuu wakapangwa kwa bendi kulingana na uwezo wa nyumbani. Mtoto wa mama mboga akajikuta kwenye bendi ya wenye nacho. Maandamano yakafuata, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikautupa mfumo, mambo yakaendelea kwa rufaa. Mkoa angalau hauwezi kudanganya fomu.

Mleta mada:
Ndugu wa Voi, umenigonga penyewe. Nakiri kupima nyumba ya mtu ni kazi ngumu kuliko kupima mkoa. Hapa kwetu mapato ya walio wengi hayana karatasi. Mama wa genge ana hesabu zake kwenye kitenge. Ila shule aliyosoma mtoto ina rekodi: walimu wangapi, maabara ipo au haipo. Ningeanzia hapo, na ningedai awe amesoma pale miaka yote, siyo mwaka wa mtihani. Kwa kigezo hicho hata mimi, ninayejisemea humu, ningepunguziwa kidogo tu. Nilisoma pale miaka minne na mwalimu wa hesabu nilikuwa naye nyumbani.

Fundi wa Tandika:
Wakuu mnazungumzia shule, mimi niwapeleke kwenye ajira. Natembea kwa magongo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Piga hesabu: asilimia 3 ya 20 ni sifuri nukta sita. Yaani sheria inaanza kwa kuniajiri mpaka kiunoni.

Kuna mahali niliitwa usaili. Fomu ilikuwa na kisanduku cha ulemavu, nikakitia tiki. Usaili ukawa ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Nilipanda, nikafika nimelowa jasho, nimechelewa dakika 20, na swali la kwanza likawa kuhusu kutunza muda. Sasa nikisikia watu wanabishana kama upendeleo unashusha viwango, huwa nataka kuuliza ile ngazi ilikuwa inapima kiwango gani.

Mwanakihamba:
Kaka, hilo la kwako silipingi hata chembe. Lakini turudi kwenye mada: mleta mada, binamu yako anasemaje leo?

Mleta mada:
Ana shule yake ya binafsi huko Moshi. Asilimia kubwa ya wanafunzi wake wanatoka mikoa mingine, na nafasi anagawa kwa alama tupu. Nilipomuuliza kuhusu mtoto wa kijijini mwenye alama pungufu, akaniambia, "Mlete, tutaangalia." Bado sijui kama ule ni upendeleo au biashara. Yule wa dawati nilimtafuta nilipokwenda msibani Nachingwea. Ana mashine ya kusaga, na mwanawe wa kwanza anasubiri majibu ya chuo. Sikuthubutu kumwambia kuhusu mgawo.