Mawakala wa vyuo vya nje, tupeane uzoefu

BahashaYaKaki: Wadau, nimepita kwenye maonyesho ya vyuo vya nje, vijana wamejipanga na vyeti mkononi wanaambiwa ofa ya udahili inatoka leoleo. Nimekumbuka mengi. Mliopitia kwa wakala semeni.

NakalaHalisi: Mimi wangu alinifungulia barua pepe "ya maombi" nenosiri akabaki nalo yeye. Kila nikiuliza, chuo bado kinapitia. Nikaona isiwe tabu, nikawaandikia chuo mwenyewe, wakanijibu ofa ilishatoka zamani, tena ya kozi ambayo sikuiomba!! Kumfuata ofisini anionyeshe faili, nakuta taarifa ya benki ya baba, hela ambazo baba hajawahi kuzishika, muhuri umegongwa juu ya saini. Ukiomba viza ya Uingereza hela ya masomo inatakiwa ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, sasa yeye akaona njia ya mkato ni kufoji. Na ukibainika umedanganya kwenye viza unaweza kufungiwa miaka 10. Baba aliishika ile karatasi akaniuliza tu, "Hii saini kaweka nani?" Nilikosa la kusema.

Mkia: Hapo kwenye nenosiri umenigusa kabisa.

WakalaHalali: Msituchafue wote. Sisi tunalipwa kamisheni na chuo mwanafunzi akishasajiliwa, hatuna sababu ya kufoji.

Mkia: Ndo penye shida mkuu, kama chuo ndo kinakulipa, utanipeleka kunakonifaa mimi au kwenye kamisheni nono?

WakalaHalali: Wangapi wanashindwa hata kujaza fomu?

Mkia: Usitukane watu.

Chungu3: Gombaneni pembeni huko, NakalaHalisi hebu maliza, viza ulipata?

NakalaHalisi: Yale maombi ya wakala tuliyazuia kabla hayajatumwa. Nikaomba upya mwenyewe, muhula uliofuata nikapata.

Chungu3: Alhamdulillah.

Daftari: Fanyeni wenyewe jamani. Marekani ile ada ya SEVIS (mfumo wao wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni) dola 350 unailipa kwenye tovuti ya serikali yao, risiti unabaki nayo.

Mvua_ya_Jioni: Mi napinga, wakala mzuri anasaidia sana, ila mtafute kwenye orodha iliyo kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Na nenosiri akilikatalia nenda na mama, atalitoa tu.

Daftari: Na wa Kanada, tangu Desemba 2023 barua ya udahili lazima chuo chenyewe kiithibitishe kwa uhamiaji, anayekuuzia barua anakuibia.

BahashaYaKaki: NakalaHalisi, hela ulizompa alirudisha?

NakalaHalisi: Nusu. Nyingine bado nadai.